Kadi ya runinga iliyomkosesha fundi usingizi

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mwanamke mwenye koti la bluu amesimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri vya kompyuta. Ameinua pakiti ya plastiki ya kijivu hadi usawa wa macho na anaimulika kwa tochi ya simu. Anaigeuza. Anaimulika tena, safari hii kutokea chini, huku midomo ikimcheza kama anayesoma dua.

"Dada, hiyo ni kadi, si yai," muuza duka anamwambia. "Hakuna kifaranga humo."

Wateja wawili walio nyuma yake wanacheka. Yeye hacheki.

Anatafuta herufi tano zilizochapwa juu ya chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ndizo zitakazomwambia kama kadi hii ya runinga, ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, inanasa matangazo ya dijitali ya sasa, au ni ya kizazi cha kwanza ambacho vituo vilishaachana nacho. Kwenye maboksi kadi zote mbili ni kitu kimoja: picha ileile, rangi ileile, maneno yaleyale. Na pakiti haichanwi. Hiyo ndiyo sheria ya duka hili, na ya mtaa mzima wa wauza vipuri: ukishaichana, mali ni yako, ifanye kazi isifanye.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema bila kuondoa macho kwenye mwanga. "Nikikosea hapa, nimekosea."

Majirani wa kazini wanamwita Bisibisi. Ana miaka arobaini na miwili, na kibanda chake cha kutengeneza kompyuta kina upana wa mlango mmoja na nusu, katikati ya kinyozi na mshona viatu. Siku njema anapata wateja watano. Siku mbaya anapanga skrubu kwa ukubwa na kusikiliza redio ya kinyozi bure. Bei ya kadi aliyoishika, kwa hesabu yake, ni mapato ya siku nane, ingawa fedha ametoa mteja.

Lakini si bei inayomtia kiwewe. Kinachomtia kiwewe ni Jumapili.

Jumapili hiyo, saa kumi jioni, kituo kimoja cha runinga kitarusha kipindi cha kwaya za zamani, kutoka kwenye mikanda iliyolala stoo kwa miaka thelathini na sita. Mojawapo ni kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo ambacho siku hizi ni ghala la saruji. Mwimbishaji wake alikuwa mwanamke wa idara ya nyuzi, mwenye miaka ishirini na sita. Mwaka mmoja baada ya kurekodiwa, aliugua akafariki, akaacha mume na mtoto wa kike wa miaka miwili.

Mume huyo sasa ana miaka sabini na moja. Ni mpima ardhi mstaafu, na majirani wanamwita Mzee Futi, kwa sababu hata akienda kununua kitambaa cha pazia anakwenda na futi yake mwenyewe. Hakuoa tena. Mtoto yule ana miaka thelathini na saba, anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na baba na binti wanaishi pamoja.

Picha za marehemu wanazo tatu. Sauti yake hawana.

"Picha nimezizoea," anasema binti. "Lakini mtu akiniuliza mama yako alikuwa anaongeaje, nakosa la kujibu. Hata ndotoni akinijia, hasemi."

Mzee Futi aliandika barua kituoni kuomba nakala. Alijibiwa kwa adabu zote kwamba kituo hakitoi nakala kwa watu binafsi, na kwamba kipindi hakitarudiwa. Wakajaribu kurekodi taarifa ya habari kwa simu mbele ya runinga, feni ikasikika kuliko mtangazaji. Jirani akajitolea kuwaazima king'amuzi chake kinachorekodi, lakini rekodi zake hazichezi popote isipokuwa ndani ya king'amuzi hichohicho.

"Siku kikiungua, mke wangu afe mara ya pili?" mzee alimuuliza Bisibisi.

Chini ya runinga, pale sebuleni, mzee ana kompyuta nyembamba aliyoachiwa na mpwa wake. Humo anaweka nyimbo na picha, na kuzitazama kwenye kioo kikubwa. Alichotaka ni kadi ya kuchomekwa ndani yake, inase matangazo kutoka kwenye antena ya paani, ihifadhi faili ambalo mtu anaweza kulinakili anapotaka, hata mara mia.

"Nilisema ndiyo kabla sijafikiri," Bisibisi anasimulia. "Kisha nikaenda nyumbani, chakula kikanishinda."

Ana sababu. Miaka mitatu iliyopita mama mmoja alimtaka arekodi shindano la maswali la wanafunzi, kwa kuwa mwanawe alikuwa anashiriki. Bisibisi alitumia kile kijiti kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, maana ni rahisi na hakina haja ya kufungua kasha. Kijiti kilipata moto, kikazima dakika ya saba. Mtoto aliulizwa swali lake la kwanza dakika ya tisa.

"Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, 'Basi dada, haikuwa bahati.' Jamani, heri angenitukana!"

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Bisibisi hataki hata kuviona vijiti. Anataka kadi ya ndani, iliyokaa vizuri, inayopozwa na feni ya kompyuta. Tatizo ni kwamba kadi hizo siku hizi ni chache, watu wanatazama kila kitu kwenye simu, na zilizobaki madukani zimechanganyika, za sasa na zilizopitwa na wakati.

Kibandani kwake, chini ya meza, ana ndoo iliyojaa kadi za analojia, zaidi ya arobaini, ambazo hazikufaa tena tangu matangazo yalipohamia dijitali. Anaiita ndoo ya wastaafu.

"Hakuna mbovu hata moja humo," anasema akizichambua kwa vidole. "Nzima kabisa. Ila hakuna tena anayezungumza nazo."

Wiki nzima kabla ya Alhamisi alitembea na karatasi mfukoni yenye mambo manne: kizazi cha matangazo, aina ya tundu la kuchomekea, programu ya kuiendesha kadi, nguvu ya antena. Kila jambo aliliwekea alama ya tiki, akaifuta, akaiweka tena. Mumewe, mchora mabango mwenye maneno mengi, alimwambia mwandishi wa makala haya: "Mke wangu kazi yake ni kuwaza. Ufundi ni kibarua cha pembeni."

Pale dukani, pakiti ya kwanza inakataliwa. Ya pili pia. Ya tatu inamulikwa kwa dakika nne nzima, na muuza duka ameshaacha utani, naye ameinama upande wa pili wa kaunta kusaidia kusoma.

"Ndiyo hii," Bisibisi anasema hatimaye.

"Una uhakika, dada?"

"Kaka, usiniulize hivyo. Nitaanza upya."

Jumamosi mchana, sebuleni kwa Mzee Futi, kadi inatolewa kwenye pakiti. Bisibisi anasoma zile herufi tano kwa macho matupu, bila tochi, na ni zenyewe. Anashusha pumzi. Anafungua mfuniko wa kompyuta, anaishika kadi kwa kingo zake, anaielekeza kwenye tundu lake.

Haiingii.

Anajaribu tena, polepole. Bamba la chuma lililo ubavuni mwa kadi, lile linalofungwa kwa skrubu kwenye mgongo wa kasha ili kadi isitikisike, ni refu kuliko kasha lenyewe kwa vidole viwili. Kadi ni ya kompyuta pana, hizi za kusimama chini ya meza za ofisini. Kompyuta ya mzee ni nyembamba kama sanduku la shati jipya.

Mambo manne yote yalikuwa sahihi. La tano, urefu, halikuwemo kwenye karatasi. Mzee alimtajia jina na namba ya kompyuta kwa simu, naye akilini akaona ile pana ya namba hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo anayoitengeneza kila siku.

Mzee anainama kuitazama kompyuta. Kisha anakuna kidevu.

"Mwanangu," anasema, "mimi nimepima mashamba, nimepima mabonde, nimepima hadi makaburi. Kompyuta iliyo mbele ya miguu yangu sikuipima."

Mganga hajigangi. Binti anataka kucheka, anajizuia, kwa sababu Bisibisi ameshatoka nje. Baadaye alikiri mwenyewe: "Nililia kidogo pale bombani. Nikanawa uso, nikarudi. Pakiti imeshachanwa, duka limefungwa hadi Jumatatu, na kipindi ni kesho. Ningefanyaje?"

Alichofanya ni kulifungua lile bamba, skrubu mbili tu, na kuiingiza kadi ikiwa tupu. Ikazama kwenye tundu, picha ikaja, safi, mpaka binti akapiga vigelegele. Lakini sasa hakukuwa na kitu cha kuishikilia. Waya wa antena ni mzito na mgumu, na ulikuwa unaivuta kadi upande. Bisibisi alikimbia kibandani, akapekua ndoo ya wastaafu akitafuta bamba fupi. Akayapata mawili, matundu yake ya skrubu hayakulingana na ya kadi hata moja. Akarudi, akakunja boksi akaweka kabari, akafunga kwa uzi aliouomba kwa mshona viatu.

Jaribio la kwanza la kurekodi: dakika kumi na mbili bila doa. Jaribio la pili: dakika ya tisa binti alipita kwenda jikoni, sakafu ikatikisika, na uso wa mtangazaji ukavunjika vipandevipande, sauti ikawa kigugumizi, kisha kimya.

"Kutembea tu!" Bisibisi anasema, akikumbuka. "Mtu kupita na kikombe cha chai, basi, kwisha."

Jumapili anafika saa nane mchana, saa mbili kabla. Amebeba betri ya akiba, umeme usije ukakatika, na kitambaa cha kukalia. Hajala. Mzee anampokea mlangoni na kuitikia shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Tutaweza?"

"Tutaweza, mzee wangu."

Anasema hivyo huku anaepuka macho yake. Uamuzi ameshaufanya njiani: ataishika kadi kwa mkono. Saa nzima. Kompyuta imevutwa nyuma ya kabati la runinga, mfuniko wake umeondolewa, na yeye amepiga magoti kati ya kabati na ukuta, mkono wa kulia ndani ya kompyuta, vidole viwili juu ya kadi na vitatu vimeubeba waya. Kutoka hapo haoni runinga. Anaona ukuta, soketi na buibui.

"Mkono wangu ndio bamba," anasema. "Asipite mtu."

Saa kumi kamili kipindi kinaanza. Mzee amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono magotini. Binti ameketi sakafuni, amevua viatu. Kwaya ya kwanza inaimba, ya pili inafuata, ya tatu ni ya wanaume pekee. Baada ya kila wimbo mzee anasema, "Siyo," kwa sauti ya chini, na nyuma ya kabati Bisibisi anajibu, "Haya."

Dakika ya ishirini mkono unaanza kufa ganzi. Dakika ya thelathini inakuja chafya, kwa vumbi la nyuma ya kabati.

"Nimemwomba Mungu mambo mengi," anasema. "Nyumba, afya, ada ya watoto. Siku hiyo nilimwomba chafya tu aichukue. Akaichukua."

Dakika ya thelathini na nane mtangazaji anasema wanaelekea ukingoni mwa kipindi. Binti anamgeukia baba yake. Mzee hamtazami. Amekaza macho mbele na goti lake moja linatikisika, na binti anaweka kiganja juu yake ili sakafu isije ikatikisika nalo.

Dakika ya arobaini na moja linatajwa jina la kiwanda.

Kwanza ngoma, mapigo manne. Kisha sauti ya mwanamke mmoja, nyembamba na ya juu, peke yake, kabla wenzake hawajaitikia.

"Ndiye?" binti ananong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Sikiliza."

Wimbo unachukua dakika tatu na nusu. Nyuma ya kabati Bisibisi amefumba macho. Anasikiliza kama picha inavunjika, kama sauti inakatika, kama waya umesogea. Jasho linamwingia jichoni na halifuti. Hata wimbo ulipoisha hakuutoa mkono. Alikaa vilevile hadi kipindi kikafika mwisho na matangazo ya sabuni yakaanza, na binti akaja kumsaidia kuvinyoosha vidole, kimoja kimoja.

"Umemwona?" mzee anamuuliza.

"Sijamwona mtu, mzee. Nimeona buibui."

Sasa limebaki faili. Bisibisi anakaa mbele ya kompyuta, anabonyeza kusimamisha rekodi, anafungua folda. Faili lipo. Pembeni yake pameandikwa urefu: dakika sifuri.

"Moyo ulinipiga paa!" anasimulia. "Nikasema kimoyomoyo, nimeua. Nimewaulia mtu wao."

Mzee na binti walikuwa nyuma yake, wanasubiri, na alihisi pumzi zao shingoni. Akaitazama taa ndogo ya mbele ya kompyuta. Ilikuwa bado inapepesa haraka haraka, kumaanisha kompyuta haijamaliza kuandika. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akaukalia, asije akagusa kitu. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Akaifunga folda, akaifungua tena.

Dakika hamsini na nane.

Wakarudisha hadi dakika ya arobaini na moja. Safari hii Bisibisi naye anatazama. Ni safu tatu za wanawake wenye blauzi nyeupe, picha imefifia, rangi zimegeuka njano. Mbele yao amesimama mmoja, mwembamba, kidevu juu. Anaimba mstari wake. Katikati ya mstari wa pili anatazama pembeni mwa kamera, kicheko kinamtoka, anakosa hatua, anajirudi, anaendelea.

Binti amesimama. Ameweka mkono mdomoni.

"Baba," anasema. "Mbona ni mdogo wangu?"

"Ni mdogo wako," mzee anajibu. "Kwa miaka kumi na moja."

Kisha anainuka, anaisogelea runinga, anaonyesha kwa kidole ukingo wa kioo, mahali pasipo na kitu.

"Unaona anapotazama? Wewe ulikuwa hapo. Shangazi yako amekubeba, nyuma ya mpiga picha. Ulipiga kelele ulipomwona mama yako. Alikuwa anakucheka wewe."

Binti anamgeukia fundi. "Dada, rudisha. Ongeza sauti."

Bisibisi anarudisha, anaongeza hadi mwisho. Ngoma inaunguruma, madirisha yanatetemeka. Na chini ya ngoma, kabla tu ya kile kicheko, kweli kipo: kilio cha mtoto, kifupi, cha kudai mtu.

Waliurudia mara sita. Mara ya saba mzee aliomba wamwache akae kidogo peke yake na runinga, wakatoka kwenda kukaa barazani.

Kabla ya kuondoka, Bisibisi alitengeneza nakala nne: moja kwenye simu ya binti, moja kwenye flashi ya mzee, moja kwenye diski ya kufungia kabatini, na moja ya kumpelekea shangazi. Jumanne alimpelekea mchomeleaji lile bamba refu, akalikata na kulitoboa upya kwa vipimo alivyochukua Mzee Futi mwenyewe, mara tatu. Kadi sasa imekaa vizuri na mfuniko unafunga. Tangu habari zienee, watu watatu wamekuja kibandani kuulizia kadi kama hiyo, na kwenye karatasi yake ya mfukoni pameongezwa jambo la tano, kwa wino mwekundu.

Unadhani wasiwasi umepungua? Wapi! Anasema umehamia kwingine.

"Simu yangu ina picha elfu mbili," anasema, akiipekua huku anatikisa kichwa. "Tazama. Saketi. Saketi. Feni iliyovunjika. Saketi. Mama yangu yuko hai, anakaa mwendo wa saa mbili kutoka hapa, na humu sina sauti yake hata ya salamu."

Jumapili ijayo atafunga kibanda aende kwake. Mama huyo, kwa maelezo ya bintiye, hapendi kamera, hapendi kuulizwauliza, na hapendi kabisa watoto wanaokuja mikono mitupu. Bisibisi ameshanunua sukari, na simu ataitega juu ya kabati la vyombo kabla hajaonekana.

"Akigundua atanifokea," anasema. "Afoke tu. Hiyohiyo ndiyo sauti ninayoitaka."